Walivyolumbana Babu Zetu Gazetini

Ukitaka kumjibu mtu leo, dakika moja yatosha. Msomaji wa Mambo Leo alingoja mwezi mzima, na jibu lenyewe pengine lilikuwa shairi la beti kumi.

Gazeti hilo la kila mwezi lilianza Dar es Salaam Januari 1923, chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Mwingereza. Wenye gazeti walitaka lifundishe kilimo, usafi na habari za dunia. Wasomaji, wengi wao walimu na makarani, walikuwa na yao. Wakaleta barua: ustaarabu ni nini hasa, Kiswahili safi ni kipi, vijana waishije na wazee wao. Mtu wa bara akamshauri mtu wa pwani ambaye hajapata kumwona, naye akajibiwa, wakati mwingine kwa ukali.

Si kwamba walianza wao. Wamisionari wa UMCA walikwisha kutoa gazeti la Msimulizi huko Unguja tangu 1888, na Tanga ilikuwa na Kiongozi enzi za Mjerumani. Hata kabla ya mitambo ya kupiga chapa, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akirushiana mashairi na washairi wa Lamu juu ya vita na siasa za miji yao. Mambo Leo liliukuta utamaduni huo, likaupa kurasa na posta.

Mimi naona shairi lilifaa kuliko barua. Anayejibu hufuata bahari na vina vya aliyemtangulia, na mwenye kuhesabu mizani 16 kila mstari hasira humpungua njiani. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapishwa humo. Lakini tusiwasifu kupita kiasi: wengine walijificha nyuma ya lakabu, wengine walijaza beti kwa kuwasifu wakubwa. Na wanawake walikuwa wachache mno. Maoni yao tuyatafute kwenye kanga, ambako jirani alijibiwa bila mtu kufungua mdomo.

Tena mhariri alikuwa mtu wa serikali, kwa hiyo manung'uniko mazito hayakupita kirahisi. Pengo hilo alilijaza Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu mwaka 1937. Humo Mwafrika alilalamikia hali yake ya kazi na biashara katika gazeti la Mwafrika mwenzake. Ukata ulimwandama Fiah miaka yote, na bado alichapisha.

Kufikia 1959, lilipoanza gazeti la Ngurumo, malumbano yalikwisha kuwa ya siasa waziwazi. Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alikuwa mshairi na mtunzi wa kitabu cha kanuni za ushairi cha 1954. Mathias Mnyampala akaisambaza ngonjera, mabishano ya kuigizwa jukwaani, na baada ya Azimio la Arusha ikatumika sana kueneza Ujamaa. Hapo, kwa maoni yangu, ubishi ulipungua ladha, maana mshindi alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza.

Nakala za magazeti hayo zinazidi kuadimika. Mwenye masanduku ya babu yake ayafungue kabla ya mchwa. Akikuta Mambo Leo au Kwetu, tafadhali alipeleke maktaba, asimpe muuza karanga.