Leseni ya wote na leseni ya jina: historia ya programu za wahandisi

Jamaa zilizoishi kambini pembeni ya Goma zinajua vizuri tofauti ya robine na jetoni. Kwenye robine kila mtu anapanga bidoni yake kwenye mstari. Aliyemaliza anaondoka, mwingine anateka, na hakuna anayeuliza jina. Siku ya kugawa unga mambo yanabadilika: jina ndilo linaitwa. Mwenye jetoni akiwa mgonjwa au safarini, jirani aliyekuja kumpokelea anaweza kurudi mikono mitupu.

Namna hizo mbili, ya mstari na ya jina, zimegawanya pia ofisi za wahandisi duniani kwa muda wa karibu miaka 40. Wao wanagombea programu za kompyuta, zile za kuchorea barabara, madaraja, nyumba na mabomba ya maji.

Habari hii inaonekana ya mbali, lakini inafika mpaka kwenye bidoni. Mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu tangi na mabomba ya maji upande wa Buhene, na mamia ya maelfu ya wakaaji wakakosa maji. Kwa kazi ya kutengeneza kama ile, fundi anahitaji mchoro kabla ya kushika koleo: bomba linapita wapi, lina upana gani, linashuka kiasi gani. Mchoro ukiwa ndani ya faili isiyofunguka, ni kama haupo.

Programu inakuwa bidhaa

Zamani programu haikuuzwa peke yake. Kampuni iliyochukua kompyuta kubwa ya IBM ilipata programu pamoja na mashini. Mwaka 1969 IBM ilitangaza kwamba programu zake nyingi zitakuwa na bei yake mbali. Tangu hapo swali likazaliwa: anayelipa ananunua nini hasa, programu yenyewe au ruhusa ya kuitumia? Wauzaji walishika jibu la pili. Ruhusa hiyo ndiyo inaitwa leseni.

Mwaka 1982, huko California nchini Marekani, John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk na kutoa programu ya AutoCAD. Kabla ya hapo, kuchora kwa kompyuta kulitaka mashini za bei kubwa ambazo ofisi ndogo haikuweza kuzipata. AutoCAD ilifanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Kanuni ilikuwa rahisi: leseni moja, mashini moja. Wafanyakazi watatu waliweza kupokezana kiti kilekile, asubuhi huyu, jioni yule.

Lakini kunakili programu kulikuwa rahisi pia. Katikati ya miaka ya 1980, Autodesk ilileta kifungio kidogo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Bila kifungio hicho, programu ilikataa kufanya kazi. Wanunuzi wa Marekani walilalamika sana, na mwaka 1986 kikaondolewa kwao. Katika nchi nyingine kiliendelea kutumika. Hapo wengi waliona jambo ambalo limerudi mara nyingi: sheria ya leseni inaandikwa mahali pamoja, na uzito wake haulingani kila mahali.

Robine ya ofisi

Mwaka 1988 ilitokea programu iliyoitwa FLEXlm, ambayo baadaye ilikuwa mikononi mwa kampuni ya GLOBEtrotter. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango. Ofisi ilinunua, tuseme, leseni 10, na hizo ziliwekwa kwenye kompyuta moja kubwa ya ofisi, yaani seva. Mhandisi alipofungua programu, mashini yake iliomba leseni moja kwa seva. Alipofunga, leseni ilirudi. Mtu wa 11 aliambiwa asubiri.

Hiyo ndiyo leseni ya wote. Ofisi ya watu 30 au 40 iliweza kuishi na leseni 10, kwa sababu si kila mhandisi anachora kila saa. Mmoja yuko kazini anapima udongo, mwingine yuko kwenye mkutano, mwingine anaandika ripoti. Kampuni zenye ofisi katika nchi nyingi zilifaidika zaidi pale mkataba uliporuhusu: mji mmoja ulipolala, mji mwingine ulikuwa umeamka na kuchukua leseni zilezile. Aliyekwenda mbali na ofisi aliweza hata kuazima leseni kwa siku chache, akaitumia kwenye kompyuta yake bila intaneti.

Robine hiyo ilikuwa na magumu yake. Seva ikizimika, wote wanasimama. Mtu akiacha programu wazi na kwenda kula, mwenzake anangoja bure.

Jina linachukua nafasi ya mstari

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 2016, pale Autodesk ilipoacha kuuza leseni mpya za kudumu. Zamani ofisi ililipa mara moja na kubaki na toleo lake miaka mingi. Sasa ikawa abonema, kama ya televisheni: usipolipa, inakatika.

Hatua ya pili ilianza tarehe 7 Agosti 2020. Abonema za kugawana zilianza kuondolewa, na kila mtumiaji akatakiwa kuwa na leseni yenye jina lake, inayofunguka kwa barua pepe na neno lake la siri. Kama njia ya kuvuka, kampuni ilikubali kubadilisha leseni moja ya wote kwa leseni mbili za majina.

Mfano unaonyesha uzito wake. Ofisi yenye leseni 10 za wote inapata majina 20. Kama watu 18 tu wanachora, haina shida, hata imepata faida. Kama wanaochora ni 40, kila mmoja kidogo kidogo, watu 20 wanabaki nje. Ofisi inalipa zaidi au inawanyima baadhi ya wafanyakazi chombo cha kazi.

Autodesk ilieleza kwamba jina linaleta usalama na linamsaidia mkubwa wa ofisi kujua nani anatumia nini. Wanunuzi wengi hawakuridhika. Julai 2020 ofisi kubwa za wasanifu majengo za Uingereza, Zaha Hadid Architects ikiwa kati yao, zilimwandikia barua ya wazi Andrew Anagnost, mkubwa wa Autodesk. Zililalamikia gharama zilizopanda huku programu ya Revit ikiendelea polepole. Mwaka uliofuata kampuni ilileta njia nyingine, Flex, ambapo ofisi inanunua alama na kuzikata kwa kila siku ya matumizi. Ni kidogo kama kununua krediti ya simu.

Jina na mtu aliyekimbia

Mahali penye vita, leseni ya jina ina uso mwema na uso mbaya. Uso mwema ni huu: seva inaweza kuibiwa au kuungua pamoja na ofisi, lakini jina linamfuata mtu. Mhandisi aliyekimbia anaweza kuingia kwa neno lake la siri kwenye kompyuta nyingine na kuendelea.

Uso mbaya ni kwamba anayelipa abonema ndiye mwenye kugawa majina, na anaweza kuyaondoa. Tena mashini inapaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kwa siku 30 ili leseni ihakikishwe. Pale mtandao unapokatwa, na malipo ya benki yanaposimama kama ilivyotokea Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, mtu mwenye haki zake zote anaweza kufungiwa nje ya kazi yake mwenyewe.

Kuna programu zisizo na mstari wala jina. QGIS ya ramani na FreeCAD ya michoro zilitolewa zote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ni za bure, na yeyote anaweza kuzinakili kwa ruhusa kamili na kuzitumia bila intaneti. Hazifanyi kila kitu ambacho zile za kulipia zinafanya, lakini kwa ramani ya visima au mpango wa vyoo vya kambi zinatosha.

Kuna pia jambo ambalo kamati ya maji au mkubwa wa mtaa anaweza kufanya bila kujua kompyuta. Mradi unapomalizika na wahandisi wanapoaga, aombe mchoro kwa namna tatu: kwenye karatasi, kwenye PDF, na kwenye DXF, aina ya faili ambayo programu nyingi zinaisoma. Abonema ya mradi itaisha, na majina yaliyoandikwa juu yake yatafutwa. Bomba litabaki chini ya udongo, na siku litakapopasuka atakayelitafuta ni mkaaji wa pale.