Risiva inapovuma: Namna ya kutafuta chanzo cha kelele katika sinema ya nyumbani

KATIKA nyumba nyingi za mijini sebule imegeuka kuwa ukumbi mdogo wa sinema. Televisheni iko ukutani, spika tano zimezunguka makochi, sabufa imewekwa kwenye kona, na katikati ya vyote kuna risiva, chombo kinachopokea sauti kutoka kwenye deki, king'amuzi au kompyuta, kikaikuza na kuigawa kwa kila spika.

Neno risiva mitaani hutumika pia kwa king'amuzi cha dishi. Linalozungumzwa hapa ni lile kasha zito lenye safu ya viungio vya spika mgongoni, ambalo wengine huliita amplifaya.

Chombo hicho kinapoanza kuvuma, kukwaruza au kutoa mlio usioeleweka, wengi hukimbilia kwa fundi ili kifunguliwe, au hukiuza kwa bei ya kutupa. Hatua zote mbili huwa za haraka mno. Kelele nyingi za namna hiyo hazizaliwi ndani ya risiva. Huingia kwa njia ya nyaya, na fundi anayebadilisha vipuri ndani ya kasha lisilo na ubovu humaliza fedha za mteja huku mvumo ukibaki palepale.

Kutenganisha kelele ya kawaida, kelele inayotoka nje na kelele ya hatari hakuhitaji kufungua hata skrubu moja.

Kasha au spika?

Jambo la kwanza ni kujua sauti inatoka wapi hasa. Mwenye chombo anashauriwa kupunguza sauti hadi mwisho, kuzima feni na televisheni, kisha kuweka sikio karibu na kasha na baadaye karibu na kila spika.

Iwapo mvumo hafifu unatoka kwenye kasha lenyewe, huenda ni transfoma. Bati za chuma zilizomo ndani ya transfoma hutikiswa na umeme unaobadili mwelekeo. Kwa kuwa umeme wa Tanzania na Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, mtikisiko huo husikika kama sauti nzito ya mizunguko 100. Mvumo wa aina hiyo usiosikika mtu akiwa ameketi mahali pake pa kawaida si ugonjwa.

Unapoongezeka ghafla nyakati fulani tu, inafaa kuangalia ni chombo gani kingine kimewashwa. Baadhi ya mashine za kukaushia nywele zinapowekwa kwenye moto mdogo hutumia nusu tu ya wimbi la umeme, na transfoma za jirani kwenye laini ileile huanza kulalamika. Mashine ikizimwa, kelele hukoma.

Milio midogo ya "tik" baada ya chombo kuzimwa ni ya chuma kinachopoa. Mlio wa "tak" unaosikika sekunde chache baada ya kuwasha ni wa rilei, swichi ndogo inayosubiri umeme wa ndani utulie kabla ya kuziunganisha spika. Rilei hiyo huweza kulia tena filamu inapobadilisha mfumo wa sauti, kwa mfano kutoka stirio ya kawaida kwenda Dolby Digital. Rilei inayolia mfululizo bila sababu, au inayokata sauti na kuirudisha, ni habari nyingine, na itaelezwa baadaye.

Mvumo unaotoka kwenye spika

Hapa ndipo penye kazi. Kipimo cha kwanza ni kitufe cha sauti. Ikiwa mvumo hukua na kupungua pamoja na sauti, chanzo kiko kabla ya sehemu ya kukuza, yaani kwenye chombo kilichounganishwa au waya wake. Ikiwa mvumo haubadiliki hata sauti ikiwa sifuri, chanzo kiko kwenye ugavi wa umeme wa risiva, kwenye sehemu yake ya mwisho ya kukuza, au ndani ya sabufa, kwa kuwa sabufa nyingi zina amplifaya yao wenyewe.

Kipimo cha pili ni kuchagua chombo kingine kwa rimoti. Mvumo ukiwa kwenye king'amuzi lakini haupo kwenye deki, risiva haina kosa.

Kipimo cha tatu ni kuchomoa kila kitu. Risiva izimwe, nyaya zote zinazoingia ziondolewe, ukiwamo wa antena, ibaki spika moja tu, kisha iwashwe. Ikiwa kimya, nyaya zirudishwe moja baada ya nyingine, na kila mara chombo kizimwe kwanza. Kuchomeka waya wa sauti chombo kikiwa kimewashwa hutoa kishindo kinachoweza kuiua spika ndogo ya sauti nyembamba.

Waya utakaorudisha mvumo ndio mshitakiwa. Mara nyingi huwa ni ule unaotoka kwenye antena, dishi au kompyuta.

Sababu yake ni hii. Vyombo viwili vinapounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, kwa mfano sabufa kupitia plagi yake ya miguu mitatu na king'amuzi kupitia waya wa dishi lililofungwa kwenye nguzo ya chuma, hutokea duara. Ardhi ya sehemu moja haiwi na volti sawasawa na ya nyingine, hivyo umeme mdogo huzunguka katika duara hilo, na sehemu ya mzunguko huo ni ganda la waya wa sauti. Risiva haiwezi kuutofautisha umeme huo na muziki. Huukuza vyote kwa pamoja.

Tatizo hili liliingia katika nyumba nyingi zaidi baada ya matangazo ya analojia kuanza kuzimwa, Dar es Salaam Desemba 31, 2012 na Nairobi miaka miwili baadaye, kwani king'amuzi kiliongeza chombo kimoja zaidi, na waya mmoja zaidi, katika mlolongo.

Dawa ya kwanza haina gharama. Vyombo vyote vichomekwe kwenye soketi moja kwa kutumia ekstensheni moja nzuri, ili njia za ardhi ziwe fupi na za pamoja. Nyaya za sauti zitenganishwe na nyaya za umeme, na zinapolazimika kukutana zikatane kama msalaba badala ya kulala sambamba.

Dawa ya pili ni waya wa mwanga. Risiva nyingi na ving'amuzi vingi vina tundu dogo la mraba linalotoa taa nyekundu. Sauti hupita humo kama mwanga, na mwanga haubebi umeme wa ardhi, kwa hiyo duara hukatika. Waya wa HDMI, pamoja na sifa zake zote, una nyuzi za shaba na hubeba ardhi kama kawaida.

Kwa antena ya kawaida ya paa, kipo kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinachowekwa katikati ya waya. Kwa dishi, hata hivyo, kifaa hicho si cha kukurupukia. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kupitia waya uleule ili kuwasha kichwa cha dishi, na kifaa kinachozuia umeme huo kitaondoa mvumo pamoja na picha.

Kompyuta ya mkononi ina kipimo chake rahisi, nacho ni kuchomoa chaja. Kelele ikitoweka kompyuta inapotumia betri, mhusika ni chaja.

Sabufa nayo hupimwa kwa kuondoa waya wake wa sauti mgongoni mwake. Ikiendelea kuvuma ikiwa tupu, ubovu ni wake. Asidanganyike mtu kuuacha waya ukiwa umechomekwa kwenye sabufa huku ncha ya pili ikining'inia. Waya huo huwa antena, na hata sabufa nzima itavuma.

Mguu wa ardhi usikatwe

Mitaani ipo dawa moja inayotolewa kwa urahisi wa kutisha, nayo ni kuondoa mguu wa ardhi kwenye plagi, au kuukata waya wa ethi ndani yake. Mvumo hutoweka kweli, kwa kuwa duara limekatika. Lakini kilichokatwa ndicho kinachosubiri siku ambayo waya wenye umeme utalegea na kugusa kasha la chuma. Siku hiyo umeme wa volti 230 hautakuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mwili wa atakayeligusa kasha, na mara nyingi mtoto ndiye anayecheza na vitufe.

Ushauri huo ni mbaya na unapaswa kukataliwa hata ukitolewa na fundi mwenye jina. Duara la ardhi hukatwa kwenye njia ya sauti, kamwe si kwenye njia ya umeme.

Zipo pia nyumba ambazo ethi haikuwahi kuwapo: soketi ina matundu matatu, lakini la juu halikuunganishwa na chochote, au nondo ya ardhi nje ya nyumba imeliwa na kutu. Dalili yake ni msisimko kama wa sisimizi mtu anapopitisha kidole juu ya kasha la chuma, na testa kuwaka taa hafifu inapoligusa. Umeme huo mdogo huvuja kupitia vipuri vya kuchuja vilivyomo ndani ya vyombo, na katika spika husikika kama mvumo unaobadilika kila mtu anaposhika kasha. Nyumba ya namna hiyo inahitaji fundi umeme mwenye leseni kabla ya fundi redio.

Kelele za wageni

Mlio wa "trrr-tit-tit-tit" unaotangulia simu kuita hautoki kwenye risiva. Simu inapotumia mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipindi vifupi, mara 217 kwa sekunde, na nyaya za spika huyanasa. Simu isogezwe mita moja au mbili.

Mvumo mkali kama wa nyuki, tofauti na ule mzito, mara nyingi husababishwa na swichi za kupunguza mwanga, rimoti za feni za dari au inveta za bei nafuu. Inveta nyingi za umeme wa jua hazitoi wimbi laini bali ngazi, na kila ngazi huzaa kelele. Taa hazijali, lakini risiva hujali. Inveta ya wimbi laini huondoa tatizo, ingawa bei yake ni ya juu zaidi.

Jenereta ni hatari kubwa zaidi kuliko kelele. Wakati wa giza lililoikumba Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, nyumba na maduka yalitegemea jenereta ndogo, na jenereta ndogo mzigo unapopungua ghafla huweza kupandisha volti kupita kiasi. Inayotumiwa kwa risiva iwe na kidhibiti cha volti kinachofanya kazi.

Mikwaruzo na kukatika

Mikwaruzo inayotokea kitufe cha sauti kinapozungushwa ni vumbi au kutu ndani ya kitufe, na katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar hewa ya chumvi huharakisha mambo. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme hutosha, chombo kikiwa kimechomolewa.

Mikwaruzo isiyohusiana na kitufe ianze kutafutwa kwenye nyaya za spika. Unyuzi mmoja wa shaba uliochomoza na kugusa kiungio cha jirani unatosha kuifanya risiva ijikinge kwa kukata sauti. Hiyo ndiyo maana ya kawaida ya rilei inayolia na kuzima chombo muziki unapopanda. Nyuzi zisokotwe, zikatwe upya na kukazwa.

Spika yenyewe hupimwa kwa kuihamishia upande mwingine. Mkwaruzo ukihama nayo, spika imechoka. Ukibaki upande uleule, ni risiva.

Kinachobaki ni joto. Vipuri vinavyochuja umeme, vinavyoitwa kapasita, hukauka kadiri miaka inavyopita, na kwa kanuni inayotumiwa na mafundi kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Risiva iliyofunikwa kitambaa cha kufuma juu ya kabati, pambo linalopendwa sana, inapikwa taratibu. Nafasi ya kupumua iachwe juu na pande zote. Kapasita zikishakauka husikika mvumo wa mizunguko 100 kwenye spika zote, hata pasipo waya wowote wa kuingiza sauti, na hapo fundi anahitajika kweli.

Kufungua kasha si kazi ya mwenye nyumba. Kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na katika risiva zenye nguvu volti zake huweza kuzidi 50 kwa kila upande.

Ipo hali moja isiyoruhusu kusubiri fundi wala kipimo. Risiva ikitoa kishindo, kisha mvumo mzito usiokoma, na koni ya spika ikaonekana imesukumwa nje au kuvutwa ndani bila kurudi, umeme wa moja kwa moja unapita kwenye spika, na koili yake inaweza kuungua ndani ya sekunde chache. Plagi ichomolewe ukutani papo hapo, na chombo kisiwashwe tena kujaribu kama kimepona.