Macho ya Sarah Goodridge

Sarah Goodridge alizaliwa mwaka 1788 Templeton, Massachusetts, Marekani. Utotoni karatasi zilikuwa ghali, akachora kwa sindano juu ya magome ya miti. Mwaka 1820 alifungua chumba cha kazi Boston, akichora sura za watu juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu vinavyoenea kiganjani. Alinolewa na Gilbert Stuart, mchoraji wa George Washington; mwaka 1825 akamchora mwalimu huyo. Kwa kipato hicho alimuuguza mama yake na kulea mtoto yatima wa ukoo. Mimi kusoma taarifa ya habari tu macho huniuma! Yeye alivumilia miaka 30 hivi, hadi macho yalipodhoofika, akaacha kazi. Alifariki mwaka 1853.