Ushahidi wa Hawthorne: Nani Alisikilizwa?

Sisi wanafunzi wa usimamizi katika vyuo vya Uganda tukifika sura ya tatu ya pendekezo la utafiti, wengi huandika falsafa ya utafiti kwa aya moja, kisha tunakimbilia hojaji na sampuli. Falsafa inaonekana kama salamu tu kabla ya kazi yenyewe. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba falsafa ndiyo huamua kama neno la mfanyakazi litahesabiwa kuwa ushahidi. Mfano wangu ni utafiti uliofanywa kati ya 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, mjini Cicero karibu na Chicago, Marekani.

Watafiti walianza na taa. Swali lao lilikuwa la kihandisi: mwanga ukiongezwa, je, kazi nayo itaongezeka? Nyuma ya swali hilo kulikuwa na pozitivisimu, yaani msimamo kwamba ukweli uko nje ya mtafiti, unapimika, na sababu moja inaweza kutengwa na nyingine. Matokeo yaliwachanganya, kwa kuwa uzalishaji ulipanda hata katika kundi la kulinganishia.

Mwaka 1927 wanawake sita walitengewa chumba chao cha kuunganisha rilei za simu. Kila rilei iliyokamilika ilidondoshwa kwenye mfereji, na alama ikatobolewa katika ukanda wa karatasi. Mapumziko yaliongezwa, saa za kazi zikapunguzwa, malipo yakahesabiwa kwa kikundi chao kidogo. Uzalishaji ukapanda. Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walisisitiza uhusiano mwema kazini kuwa ndio maelezo makuu. Hapo mimi nasita. Januari 1928 wanawake wawili waliondolewa chumbani kwa kuongea mno na kutoshirikiana, wakaletwa wengine wawili wenye kasi zaidi. Alex Carey, katika makala yake ya 1967, alidai kwamba data zenyewe zinaelekea kwenye pesa na nidhamu kuliko kwenye urafiki. Ukanda ulihesabu rilei zote, lakini haukuweza kueleza kwa nini wale wawili hawakutaka kushirikiana.

Kwangu mimi, sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni mahojiano. Kati ya 1928 na 1930 wafanyakazi wapatao 21,000 walihojiwa. Mwanzoni wahoji walikuja na maswali yaliyoandaliwa, kama hojaji zetu. Wafanyakazi wakawa wanaliacha swali na kueleza yaliyowakera wenyewe. Basi mwaka 1929 mbinu ikabadilishwa: mhoji akae kimya, mtu aongee. Mahojiano ya nusu saa yakafika saa moja na nusu. Huo ulikuwa mlango wa falsafa ya ufasiri, ambayo hutaka kujua mtu mwenyewe anaipa kazi yake maana gani. Hata hivyo, watafiti walipokaa kuyachambua malalamiko hayo, mara nyingi waliyachukulia kuwa dalili za hali ya moyo wa mlalamikaji, si taarifa kuhusu kiwanda. Walimsikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa. Ni heshima, lakini ya aina fulani tu.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika chumba cha mwisho. Kuanzia Novemba 1931, wanaume 14 waliokuwa wakifunga nyaya walichunguzwa na mtafiti aliyekaa pamoja nao, huku mwenzake akiwahoji nje ya chumba. Aliona mambo ambayo hakuna hojaji ingeyapata. Watu hao walikuwa na kiasi chao cha kazi kwa siku, na aliyezidisha alipigwa ngumi ya mkononi na wenzake. Walipoulizwa, walisema kwamba wakizalisha zaidi, viwango vya malipo vitashushwa au watu watapunguzwa kazini. Katika kitabu chao cha 1939, Roethlisberger na Dickson waliyaandika maneno hayo, kisha wakahukumu kwamba hofu hiyo haikutokana na uzoefu wa wanaume wale. Maelezo yalikuwa katika hisia na desturi za kikundi.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na kiwanda kilikuwa kikipunguza watu. Mei 1932 uchunguzi wa chumba hicho ulisimamishwa, kwa sababu kazi ya kufanya haikutosha tena.