Daftari Lililotoka Kwihara

Leo Gongoni, Tabora, kompyuta ikijizima na kujiwasha katikati ya kunakili mafaili, fundi hukagua umeme, joto na diski. Zamani, katika njia ya misafara iliyopita hapa, kumbukumbu zilitishiwa na mvua, vita na wizi.

Mwaka 1871 mvumbuzi David Livingstone aliishiwa karatasi. Akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda, kisha akayanakili maandishi hayo katika daftari kubwa. Machi 1872 mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka Kwihara, jirani na Tabora, akilipeleka Uingereza limefungwa kwa lakiri.

Wino wa gazetini ulififia.

Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma upya maandishi ya gazetini kwa picha za mianga mbalimbali. Waligundua kuwa Livingstone, alipokuwa akinakili, alibadilisha baadhi ya maelezo, yakiwemo ya mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe, Kongo.