Kuchimba Dawa

Mama yangu mkubwa wa Mpitimbi akiwa na safari ya Dar es Salaam huacha kunywa maji tangu jioni. Alfajiri pale stendi ya Songea ukimkaribisha chai, anatikisa kichwa tu. Si mgonjwa. Anajua kuwa kabla ya Njombe konda atapaza sauti, "Kuchimba dawa, dakika tano!", abiria wateremke, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na magoti yake hayamruhusu tena kukimbilia kichaka. Basi hukaa na kiu kutwa nzima, kilometa zaidi ya 900. Safari hii nilimwuliza, mama, huoni unajiumiza? Akasema, "Maji nitakunywa kwako nikifika, mwanangu. Barabarani nani atanisitiri?"

Ajabu yake, ndugu msikilizaji, ni kwamba mama huyu ni mwanafunzi wa choo wa siku nyingi. Mwaka 1973, alipokuwa bi harusi, nchi nzima ilikaa kando ya redio kusikiliza Mtu ni Afya. Ilikuwa kampeni ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikitangazwa na Radio Tanzania kwa majuma 12, na watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Watu walikutana, redio ya betri katikati, wakasikiliza habari za malaria, minyoo, kichocho na kuhara. Kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi husoma kijitabu, wanajadili, kisha wanaamua la kufanya. Lililofanywa zaidi lilikuwa kuchimba vyoo. Mama mkubwa anasimulia mumewe alivyokuwa ndani ya shimo naye akivuta udongo kwa ndoo na kamba, na majirani wakipita kutazama nani amefika kina gani.

Sisemi kila shimo lilitumika. Vilikuwapo vyoo vya kumwonyesha Bwana Afya, vimeezekwa vizuri na hata alama ya mguu hakuna. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, na kaya nyingi nchini zikaacha mashimo yao na kuanza kuchimba upya mahali pengine. Hata hivyo, kipindupindu kilipozuka kwa nguvu mwaka 1977, walikuwapo mamilioni waliokwisha kufundishwa ugonjwa wa namna hiyo hupita wapi.

Lakini kampeni ile ilisema na mtu aliye nyumbani. Msafiri hakusemeshwa.

Pwani yetu nayo iko hivyo tangu kale. Ukitembelea magofu ya Gedi, karibu na Malindi, utaona vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe, mji ambao wenyewe waliuhama mapema katika karne ya 17. Mwenye nyumba alisitirika. Unguja, Livingstone alipopita mwaka 1866, ufuko ulinuka kiasi cha yeye kuligeuza jina la mji kwa Kiingereza liwe la uvundo. Asitucheke sana: miaka minane tu nyuma, mwaka 1858, mto Thames ulinuka hadi wabunge wa London wakashindwa kukaa bungeni.

Ni London hiyo hiyo iliyoonyesha kwamba choo cha njiani kinawezekana. Katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851, fundi George Jennings aliweka vyoo vya kulipia, na watu 827,280 wakatoa peni moja moja. Wanawake, hata hivyo, waliendelea kusahauliwa. Mwandishi George Bernard Shaw, alipokuwa diwani wa St Pancras, alilazimika kupigania choo cha wanawake Camden Town, na wenziwe wakaona ni jambo la aibu hata kulizungumza.

India, mwaka 1970, Bindeshwar Pathak alianzisha shirika la Sulabh, ambalo lilikuja kujenga vyoo vya umma vya kulipia maelfu kwa maelfu. Fedha ya mlangoni ndiyo inayomlipa msafishaji na kununua sabuni. Mimi nimelipa shilingi 200 hapa na 300 pale katika stendi zetu nikakuta pipa halina maji, mlango umefungwa kwa waya. Sijui fedha ile hununua nini.

Tuliposimama kula, mahali nisipopataja, mabasi matatu yalikuwa yamewasili pamoja. Upande wa wanawake milango miwili. Foleni ilifika kwenye majiko ya chipsi. Mama mkubwa alikuwa wa tano kutoka mwisho dereva alipoanza kupiga honi, akageuka, akapanda basi kimya, akafunga kitenge vizuri kiunoni.

Tulifika stendi ya Mbezi saa tatu usiku. Nilimshika mkono hadi msalani, nikalipa, nikangoja nje na mizigo. Alipotoka aliniomba maji. Alikunywa chupa nzima akiwa amesimama.