Gemu Kortini: Miaka 40 ya Kumlaumu Mtoto na Kuiacha Kampuni

Oktoba 2023, mama mmoja wa Arkansas, Marekani, alienda kortini kushtaki kampuni za gemu. Na si moja. Kati ya washtakiwa kulikuwa na Roblox, Epic Games wenye Fortnite, Activision wenye Call of Duty, na Microsoft. Alichosema ni kwamba mtoto wake amekuwa mraibu, na kwamba uraibu huo haukuja tu hivi hivi. Ulitengenezwa. Baada yake familia zingine nyingi Marekani zikafuata njia hiyo hiyo.

Najua jibu la kwanza linalokuja kichwani: si angechukua tu hiyo simu? Ati unashtaki kampuni juu mtoto wako hataki kulala?

Sawa. Lakini wasee, tulieni kidogo. Hii hadithi haikuanza 2023. Iko na zaidi ya miaka 40, na ukiifuata kutoka mwanzo utaona kitu: kila wakati watu wazima walikuwa wanauliza "huyu mtoto ana shida gani?" na ni juzi tu ndio mtu ameuliza "hii mashine imetengenezwaje?"

Turudi nyuma. Mwaka 1972 Atari walitoa Pong. Mwaka 1978 Japani ikatoa Space Invaders, na dunia ikapagawa. Wakati huo gemu ilikuwa mashine kubwa kama kabati, unaweka sarafu, unacheza, unakufa, unaweka sarafu ingine. Kufikia 1981 hofu ilikuwa imefika bungeni Uingereza. Mbunge wa Labour, George Foulkes, alileta mswada wa kupatia serikali za mitaa nguvu ya kudhibiti Space Invaders na gemu zingine za aina hiyo. Alisema vijana wanakosa shule na wengine wanaiba ili wapate pesa za kucheza. Mswada ukaanguka, kura 114 kwa 94. Angalia hizo namba tena: ilibaki kura 20 tu ziwatenganishe.

Marekani nako mambo yalikuwa moto. Mji wa Mesquite, Texas, ulikuwa na sheria kwamba mtu wa chini ya miaka 17 asicheze mashine za sarafu bila mzazi au mlezi. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 1982, na majaji wakairudisha chini bila kumaliza lile swali la umri. Mwaka huo huo, mji wa Marshfield, Massachusetts, ulipiga marufuku mashine hizo kabisa. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa 2014. Miaka 32! Watoto waliokatazwa walikuwa tayari wazazi, na watoto wao wanacheza kwa simu ndani ya mji huo huo.

Sasa hapa ndio nataka umakini wako. Fikiria ile mashine ya sarafu ilitaka nini kutoka kwako. Ilitaka ufe haraka. Ukikufa, unatoa sarafu ingine. Lakini sarafu zikiisha, mchezo umeisha, unaenda nyumbani. Ni kama kwa PS pale mtaani: ukimaliza mechi uliyolipia, mwenye mashine anakuambia toka, wengine wanangoja. Mfuko wako ndio ulikuwa breki.

Halafu biashara ikabadilika. Zikaja gemu za intaneti za kulipia kila mwezi. Hapo kampuni haitaki ufe haraka, inataka usiondoke. Na kesi zikabadilika pia. Mwaka 2009 mwanamume mmoja wa Hawaii aliishtaki NCsoft, waliotengeneza Lineage II. Alisema amecheza saa 20,000 kati ya 2004 na 2009. Piga hesabu: hiyo ni kama saa 11 kila siku kwa miaka mitano. Alisema imefika mahali hawezi hata kuamka, kuoga na kuvaa vizuri, na kwamba kampuni haikumwonya. Mwaka 2010 jaji alitupa baadhi ya madai, lakini yale ya uzembe akayaacha yaendelee. Huyo alikuwa mtu mzima, si mtoto. Lakini mlango ulikuwa umefunguka kidogo.

Mwaka uliofuata, mlango mwingine ukafungwa kwa kishindo. California ilikuwa imekataza kuuzia watoto gemu zenye ukatili. Juni 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria hiyo, majaji 7 kwa 2. Walisema gemu ni kama kitabu au filamu, zinalindwa na uhuru wa kujieleza. Mimi nakubaliana nao. Sitaki serikali inichagulie hadithi. Lakini ona kile uamuzi huo ulihusu: yaliyomo ndani ya gemu, yaani damu na bunduki. Haukugusa jinsi gemu inavyokushika mkono usiondoke.

Asia ilijaribu njia ingine: saa. Korea Kusini, kuanzia Novemba 2011, ilizuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakatumia vitambulisho vya wazazi. Wengine wakahamia gemu za simu, ambazo sheria haikuzigusa. Mwanzoni mwa 2022 sheria hiyo ikaondoka. China ilikaza zaidi: tangu Septemba 2021, mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha jimbo la Kagawa, Japani. Aprili 2020 walianza kanuni ya kuwataka wazazi wawawekee watoto dakika 60 za gemu siku za shule na 90 siku za mapumziko. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, pamoja na mama yake, akashtaki jimbo. Alisema hayo ni maamuzi ya familia, si ya serikali. Agosti 2022 mahakama ya Takamatsu ikakataa kesi yake, ikisema kanuni hiyo haina adhabu, ni kuhimiza tu. Alishindwa, sawa, lakini nampa heshima. Katika miaka yote hii ya watu wazima kubishana kuhusu vijana, huyu kijana alienda kujisemea.

Sasa turudi kwa pesa, kwa sababu biashara ilibadilika mara ya tatu. Gemu ikawa ya bure. Fortnite ya watu 100 kisiwani ilikuja 2017, na hulipi kitu kuingia. Basi kampuni inakula wapi? Kwa nguo za mhusika, densi, pasi za msimu, vitu vya muda mfupi vinavyoisha kesho usiponunua leo. Gemu zingine zina masanduku ya bahati: unalipa bila kujua utapata nini. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani sana, akitumia panya na njiwa, kwamba zawadi isiyotabirika humfanya mnyama aendelee kubonyeza kuliko zawadi ya uhakika. Mashine za kamari zinafanya kazi hivyo. Ndio maana Ubelgiji ilitangaza 2018 kwamba masanduku ya aina hiyo ya kulipia ni kamari.

Hapo ndipo kesi za watoto zinapopata meno. Mwaka 2019 wazazi wa watoto wawili wa Quebec, Kanada, mmoja wa miaka 10 na mwingine 15, waliomba kuishtaki Epic Games kwa niaba ya familia zingine pia. Epic walisema madai hayana msingi. Desemba 2022 jaji aliruhusu kesi iendelee. Hakusema Fortnite ni dawa ya kulevya. Alisema kuna swali zito la kujibiwa, na akakumbusha kwamba hata madhara ya sigara hayakukubaliwa kwa siku moja.

Mwezi huo huo, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic italipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 ni faini ya faragha ya watoto, na milioni 245 ni za kurudishia wateja waliovutwa kununua vitu kwa mpangilio wa vitufe wa kuchanganya. Hiyo haikuwa kesi ya uraibu. Lakini ilionyesha kwamba unaweza kuibana kampuni kwa jinsi ilivyopanga kioo, bila kugusa hadithi iliyo ndani.

Je, uraibu wenyewe upo? Shirika la Afya Duniani liliuweka tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Masharti ni magumu: umeshindwa kujizuia, gemu imepita kila kitu, unaendelea hata kama inakuumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Kuna wasomi waliopinga, wakisema mara nyingi gemu ni dalili ya shida ingine, kama msongo. Wana hoja. Kwa hivyo wewe kucheza wikendi nzima sio ugonjwa. Mathe asikutishe.

Mfano wa sigara pia una mipaka. Gemu haina nikotini, na wengi wetu tunacheza na kuishi vizuri. Lakini kuna somo moja la sigara ambalo linanihusu. Marekani, watu walianza kushtaki kampuni za sigara miaka ya 1950, na kwa miongo mingi walishindwa, wakiambiwa "ulivuta mwenyewe." Kilichobadilisha mchezo ni nyaraka za ndani, zilizoonyesha kampuni zilijua nini na lini. Mwaka 1998 zikakubali kulipa majimbo 46 zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25.

Ndio maana naunga mkono kesi hizi ziendelee, hata kama wazazi watashindwa. Sitaki gemu zifungwe. Nataka korti iulize: mlipima nini? Mlijua mtoto wa miaka 10 anakaa saa ngapi? Mkiona hawezi kutoka, mlirekebisha ama mlisherehekea? Kampuni nazo zinajitetea kwa uhuru wa kujieleza, na kwa ile "nakubali" uliyobonyeza bila kusoma, zikitaka mambo yasuluhishwe nje ya korti. Yaani faraghani, bila nyaraka kuonekana. Hapo ndipo pa kuangalia.

Na sisi Kenya si watazamaji tu. Gemu ni zile zile, simu ni zile zile. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia akiumizwa na bidhaa yenye kasoro. Hakisemi lazima iwe unga ama maziwa.

Kwa hivyo siku ingine ukisikia mzazi ameshtaki kampuni ya gemu, usikimbilie kucheka. Kwa miaka 40 mtoto ndiye amekuwa akiulizwa maswali. Acha kampuni nayo ijibu.